Sura ya 6: Kwa Nini Nagana Haina Chanjo? Seli Inavyochagua Upande wa Kusoma Jeni

Swali la mfugaji

Kata ya Elerai iko ndani ya Jiji la Arusha, lakini wengi wanaoishi humo wana ng'ombe walioko kwa ndugu zao Monduli, Longido au Simanjiro. Simu inapigwa kutoka nyikani: ng'ombe wamekonda ingawa majani yapo, manyoya yamesimama, machozi yanatiririka, maziwa yamekatika, na wenye mimba wanazitupa. Mwenye mali anaingia duka la dawa za mifugo na kuuliza: "Daktari, ndigana kali ina chanjo. Sotoka ilichanjwa hadi mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani. Kwa nini nagana haina chanjo?"

Ni swali la haki. Jibu lake limo ndani ya seli moja ndogo isiyoonekana kwa macho, katika uamuzi ambao watu wachache huufikiria: jeni isomwe kuanzia wapi, kuelekea upande gani, na kuishia wapi. Tutaanza na seli zetu wenyewe, kisha tutamgeukia kimelea wa nagana, ambaye anautumia uamuzi huo kwa namna ya pekee kabisa.

Nyuzi mbili, maana mbili

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA, yaani kemikali ndefu inayobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. DNA ya binadamu ina herufi takribani bilioni 3. Kipande chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, ndicho kinachoitwa jeni. Jeni zetu zinazotengeneza protini ni takribani 20,000.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Penye A katika uzi mmoja, uzi wa pili una T. Penye G, wa pili una C. Nyuzi hizo husomwa kwa pande zinazopingana. Chukua kipande kifupi: uzi wa kwanza ukisomwa ATGCCA, mwenzake ukisomwa kwa upande wake ni TGGCAT. Mahali ni palepale, lakini ujumbe ni mwingine kabisa.

Seli haiitumii DNA moja kwa moja kutengeneza protini. Kwanza hutoa nakala ya muda ya jeni inayohitajika. Nakala hiyo huitwa RNA, na kazi ya kuitoa huitwa unukuzi. Mfanyakazi wake ni polimerasi ya RNA, protini kubwa inayotembea juu ya DNA huku ikiunganisha herufi za nakala moja baada ya nyingine. Mmarekani Roger Kornberg alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2006 kwa kuonyesha jinsi unukuzi unavyofanyika katika seli zenye kiini.

Kikemia, polimerasi hurefusha nakala yake kwa upande mmoja tu. Kwa hiyo kuchagua upande wa kuelekea ni sawa na kuchagua uzi wa kusoma. Ikishika uzi huu, inaelekea kulia. Ikishika ule, inaelekea kushoto.

Kukosea upande kuna gharama. Seli za kongosho hutengeneza insulini inayoshusha sukari kwenye damu. Polimerasi ikianzia jirani na jeni ya insulini kisha ikatazama upande wa pili, insulini haipatikani. Ikiisoma jeni hiyo kinyume, nakala ya kinyume inaweza kunasana na nakala halali, kwa kuwa herufi zake zinaoana nayo, na kuizuia isitumike. Na polimerasi mbili zikikutana uso kwa uso kwenye DNA moja, zinakwamishana.

Ugunduzi wa 2008

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mwelekeo huamuliwa mara moja, pale polimerasi inapoanza safari. Sehemu hiyo ya DNA iliyo mbele ya jeni tuiite eneo la kuanzia. Protini maalumu hukaa hapo, huiita polimerasi na kuielekeza kwenye jeni. Hivyo ndivyo ilivyofundishwa.

Desemba 2008, jarida la Science lilichapisha kwa pamoja tafiti kadhaa zilizochunguza seli za binadamu na za panya. Zilionyesha kwamba katika maeneo mengi ya kuanzia, polimerasi huondoka kwa pande zote mbili. Moja inaelekea kwenye jeni, nyingine inaelekea nyuma, mahali pasipo na jeni yoyote ya maana. Hata hivyo, seli haikujaa nakala za upande wa nyuma. Kuna kitu kilikuwa kinazimaliza.

Fikiria kituo cha vifodi kilichoko katikati ya njia. Magari yanaondoka kwa pande zote mbili. Upande mmoja barabara iko wazi na kila kizuizi kimeinuliwa, hivyo gari linafika mwisho wa njia na kushusha abiria wote. Upande wa pili kizuizi cha kwanza kimeteremshwa hatua chache tu kutoka kituoni. Gari linasimamishwa na safari inafutwa. Anayehesabu magari yaliyofika mwisho wa njia ataamini kwamba kituo kile hupeleka magari upande mmoja tu.

Vizuizi hivyo vilielezwa mwaka 2013 na maabara ya Phillip Sharp huko Massachusetts, Marekani. Ndani ya DNA mmetawanyika alama fupi za herufi zinazoamuru: "kata nakala hapa." Kwenye upande wa jeni, mara baada ya kuanza, kuna sehemu nyingi ambapo chembe iitwayo U1 hushika nakala na kuzinyamazisha alama za kukata. Kwenye upande wa nyuma alama za kukata ni nyingi zaidi na sehemu za U1 ni chache. Nakala ya upande huo hukatwa ikiwa bado fupi, kisha hutafunwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini.

*Kwa ufupi:*
- Kuchagua upande ni kuchagua uzi upi kati ya mbili usomwe.
- Katika seli zetu, polimerasi mara nyingi huanza safari kwa pande zote mbili.
- Upande usiotakiwa hukatizwa mapema, na nakala yake huharibiwa.
- Kwa hiyo mwelekeo hulindwa muda wote kwa kazi ya protini na chembe nyingi. Walinzi hao wakiondoka, mwelekeo huvurugika.

Nukta hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa nagana.

Kimelea mwenye jeni za foleni

Nagana husababishwa na tripanosoma, vimelea wa seli moja wanaoogelea ndani ya damu. Huenezwa na mbung'o, ambaye wafugaji wengi wa kaskazini humwita ndorobo. Ng'ombe hushambuliwa zaidi na aina tatu: Trypanosoma congolense, Trypanosoma vivax na Trypanosoma brucei. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimtambua huyu wa tatu katika damu ya ng'ombe wagonjwa huko Zululand katika miaka ya 1890. Jamaa zake wa karibu sana huwapa watu malale. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20.

Kimelea aliyesomwa DNA yake yote kwa mara ya kwanza katika aina ya brucei ana asili ya Afrika Mashariki. Alipatikana ndani ya mbung'o huko Kiboko, Kenya, mwaka 1970, na kizazi chake kikatunzwa Edinburgh, Uskoti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: kromosomu kubwa 11, yaani mafungu 11 makubwa ya DNA, zenye herufi takribani milioni 26 na jeni takribani 9,000.

Mpangilio wa jeni hizo ni wa ajabu. Kwetu sisi, kwa kawaida kila jeni ina eneo lake la kuanzia, nayo huwashwa na kuzimwa peke yake. Kwa tripanosoma, jeni zimepangwa foleni ndefu, makumi kwa makumi, zote zikitazama upande mmoja. Polimerasi huanzia kichwani mwa foleni na kuzinakili zote kwa mfululizo. Kisha nakala hiyo ndefu hukatwa vipande, kila jeni kipande chake, na kila kipande hubandikwa kichwani herufi 39 zilezile. Bila kichwa hicho, kipande hakitumiki.

Foleni ni takribani 200 katika DNA yote. Mahali pengine foleni mbili huanzia pamoja, zikipeana mgongo, kila moja ikienda zake. Mahali pengine foleni mbili huelekeana na kukutana mwishoni. Katika mpangilio kama huu kosa la mwelekeo huharibu usomaji wa jeni nyingi kwa mpigo.

Walinzi wa mwelekeo

Kimelea hulindaje foleni zake? Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha mambo matatu yanayofanya kazi pamoja.

1. Herufi zenyewe. Maeneo ya kuanzia ya tripanosoma yana sehemu zenye wingi wa G na T kwenye uzi mmoja. Uzi wa pili wa mahali hapohapo lazima uwe na wingi wa C na A. Nyuzi mbili hazifanani tena, na tofauti hiyo inaweza kumwonyesha anayesoma mbele ni wapi.

2. Alama kwenye histoni. DNA haikai wazi; imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mwanzoni mwa foleni histoni za kawaida hubadilishwa na aina nyingine inayolegeza mshiko na kurahisisha kuanza. Mwishoni huwekwa aina tofauti. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba mipaka ya foleni za tripanosoma inaweza kutambuliwa kwa histoni hizi maalumu peke yake.

3. Herufi ya tano. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba tripanosoma huongeza sukari kwenye baadhi ya herufi T za DNA yake. Herufi hiyo iliyobadilishwa imepewa jina J. Binadamu hana J, wala ng'ombe. Hupatikana mwishoni mwa foleni na kwenye maeneo yanayotakiwa kukaa kimya. Watafiti walipoiondoa J pamoja na histoni ya mwisho wa foleni, polimerasi zilipita mahali zilipopaswa kusimama.

Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh walieleza kundi la protini sita linalokaa kwenye maeneo ya kuanzia ya tripanosoma. Walipoiondoa moja, iitwayo SET27, baadhi ya maeneo yaliyokuwa yakituma polimerasi upande mmoja yalianza kuituma pande zote mbili. Jambo la pili lilitokea pia: jeni za koti la kimelea, ambazo zilitakiwa kuwa kimya, zilianza kusomwa.

Hapo ndipo swali la mfugaji linapokutana na jibu lake.

Koti moja kati ya maelfu

Mwili wa tripanosoma brucei umefunikwa na koti la protini za aina moja, takribani milioni 10 kwa kila kimelea, zilizobanana hata kinga ya mwili haioni kilichopo chini. Kinga hufanya kazi kwa kutambua sura ya adui. Chanjo huuonyesha mwili sura hiyo mapema ili adui akija, askari wawe tayari.

Ng'ombe aliyeambukizwa hutambua koti la kwanza na kuua vimelea wengi. Wachache waliokwisha kubadili koti hubaki. Koti jipya halijulikani, hivyo huzaliana hadi watakapotambuliwa nao, na wachache wengine wabadilike tena. Ndiyo maana ugonjwa huja kwa mawimbi: homa inapanda, inashuka, inapanda tena, na mnyama anakwisha polepole.

Kimelea huyu ana zaidi ya jeni 2,000 za koti. Nyingi hazijakamilika, lakini anaweza kuchanganya vipande vyake na kuunda makoti mapya kabisa. Kati ya zote, moja tu husomwa kwa wakati mmoja. Kuna takribani vituo 15 mwishoni mwa kromosomu ambapo jeni ya koti inaweza kusomewa. Kimoja huwa wazi, vingine vyote hufungwa.

Chanjo iliyotengenezwa kwa koti la leo haitalijua koti la mwezi ujao. Kimelea wa ndigana kali hana ghala kama hilo. Ndiyo maana imewezekana kumpa ndama vimelea hai wa ndigana kali pamoja na dawa ya kuwadhibiti, naye akapata kinga ya muda mrefu. Chanjo hiyo iliyoendelezwa Muguga, Kenya, imeokoa ndama wengi wa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania.

*Kwa ufupi:* nagana haina chanjo kwa sababu kimelea wake anatawala unukuzi kwa ukali. Jeni za kazi za kila siku husomwa kwa foleni, kwa upande mmoja. Jeni za koti hunyamazishwa zote isipokuwa moja. Walinzi wa kazi hizo mbili wanahusiana: ukimgusa mmoja, kimya cha makoti kinavurugika.

Jeni inayoamua nani augue

Kuna sababu nyingine ya mkazi wa Arusha kujali jambo hili. Tripanosoma brucei wa kawaida akiingia kwenye damu ya binadamu, hufa. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1 inayotoboa kimelea huyo na kumuua. Lakini aina ya Afrika Mashariki iitwayo rhodesiense ina jeni moja, SRA, inayotengeneza protini ya kuikamata APOL1 na kuizima. Jeni hiyo ilielezwa mwaka 1998. Inakaa wapi? Ndani ya kituo kimojawapo cha kusomea koti. Kituo hicho kikiwa wazi, kimelea anaweza kuishi ndani ya binadamu.

Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na malale. Wanyama wa porini na ng'ombe wanaweza kubeba kimelea huyo bila mtu yeyote kujua. Mtu anayechunga, kuongoza watalii au kulinda hifadhi yuko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko mtalii wa siku chache.

Maarifa haya yameleta nini?

Matunda yameanza kuonekana, na ni vyema tuyajue.

Kwanza, dawa. Kwa miaka mingi malale ya rhodesiense yaliyofika kwenye ubongo yalitibiwa kwa dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Desemba 2023 vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa Malawi na Uganda, vilipata maoni ya kukubaliwa kutoka kwa mamlaka ya dawa ya Ulaya kwa ajili ya ugonjwa huu. Dawa nyingine, akoziboroli, imejaribiwa Kongo na Guinea kwa malale ya aina ya magharibi. Mgonjwa humeza vidonge vitatu mara moja tu. Hushambulia kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia kukata nakala zake za RNA. Kimelea anayesoma jeni kwa foleni hawezi kuishi bila kukata, na hapo amepatikana.

Pili, chanjo. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba protini moja ya Trypanosoma vivax, isiyobadilika kama makoti yanavyobadilika, iliwakinga panya wa maabara. Panya si ng'ombe, na njia bado ni ndefu. Lakini wazo ni sahihi: tafuta kitu ambacho kimelea hawezi kukivua.

Tatu, mbung'o mwenyewe. Kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa huru dhidi ya mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, kuachiliwa kwa wingi ili majike yasizae. Ni kazi iliyofanywa hapa nyumbani, na ilifaulu.

Wito kwa msomaji

Wakati chanjo inasubiriwa, mambo yafuatayo yako mikononi mwetu:

- Ng'ombe akikonda bila sababu, omba damu ipimwe kabla ya sindano. Dawa ikitolewa kwa kubahatisha au kwa kipimo pungufu, vimelea sugu hubaki na kuenea.
- Fuata ratiba ya kuogesha au kupaka mifugo dawa ya kuua nzi, hasa mnapohamia karibu na pori.
- Ukipata homa baada ya kutoka Tarangire, Serengeti au pori lolote lenye ndorobo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mweleze mganga ulikotoka na uombe damu ichunguzwe kwa hadubini.
- Kijana anayesoma baiolojia aambiwe mapema kwamba jeni za tripanosoma ni kazi ya Waafrika Mashariki. Kimelea aliyesomwa wa kwanza alitoka Kiboko. Wagonjwa wako kwetu. Ng'ombe ni wetu. Tengeru, upande wa pili wa jiji letu, kuna Taasisi ya Nelson Mandela inayofundisha sayansi ya viumbe hai hadi shahada ya uzamivu.

Mfugaji aliyeuliza kwa nini nagana haina chanjo aliuliza swali la unukuzi bila kulijua jina. Anastahili jibu kamili, na anastahili wanasayansi wa nyumbani watakaolifanya jibu hilo kuwa dawa ya kumkinga ng'ombe wake.